Nyumba ya miaka 30, parseli bila karatasi

Wandugu vijana wa Baraka, Fizi na Minembwe, na ninyi mlio mbali,

Kila mmoja wetu ako na ile picha katika telefone. Ndugu aliye Marekani amesimama mbele ya nyumba mpya, funguo mkononi, watoto wanacheka. Chini tunaandika "hongera", "Mungu ni mwema". Siku mbili hazijapita, tunamwandikia tena: feza ya shule, dawa, manjanja ya nyumba ya mama. Akichelewa kujibu, tunasema amesahau kwao.

Tunaomba tuseme kitu juu ya ile picha. Ile nyumba hajaimaliza kununua. Banki njo ilitoa feza nyingi, na yeye ataendelea kulipa mpaka nywele zigeuke nyeupe.

Tufanye hesabu. Mtu amekopa dola 300,000 kwa miaka 30, riba haibadiliki. Aliyesaini mwanzo wa 2021 alikuta riba iko chini ya 3 kwa mia. Tuseme 3 kamili: kila mwezi analipa karibu dola 1,265. Mwisho wa mwezi wa kumi 2023, riba ya wastani kule ilikaribia 8. Mdogo wake aliyesaini kwa 7.5 analipa karibu 2,098 kila mwezi. Mkopo ni uleule, lakini zaidi ya dola 800 zinaongezeka kila mwezi, juu ya tarehe tu. Huyu wa pili, miaka 30 ikiisha, atakuwa amelipa karibu dola 755,000 kwa deni la 300,000. Na bado hatujahesabu kodi ya leta na bima, ambavyo vinaweza kupanda. Njo maana wakati mwingine hajibu ujumbe.

Sasa kwa nini watu wanakubali? Juu ya lile neno moja: haibadiliki. Mama anayepanga mizigo usiku anajua leo ni feza ngapi atalipa juu ya ule mkopo mwaka 2040. Akiugua, akipoteza kazi, anaweza kunyang'anywa nyumba, hilo lipo. Lakini hakuna mtu atakuja asubuhi kumwambia deni limepanda au udongo haukuwa wake.

Wengi wetu tunafikiri ni banki za kule zina roho nzuri. Hapana. Kabla ya miaka ya 1930, hata kule mikopo ya nyumba ilikuwa ya miaka michache, na mwisho unadaiwa kiasi kikubwa kwa mara moja. Uchumi ulipoanguka, watu wakafukuzwa katika nyumba kwa wingi. Leta njo iliingia kati: mwaka 1934 iliunda ofisi ya kusimamia bima ya mikopo, na banki zikapata moyo wa kukopesha kwa miaka mingi. Na tusifiche upande mwingine: kwa miaka mingi ile ofisi ilikataa kartie za watu Weusi. Ilibidi watu waandamane, waumie, mpaka sheria ya 1968 ikakataza kubagua mtu katika nyumba. Leo aliyetoka kambi ya Nyarugusu na aliyetoka Minembwe wanaweza kuingia banki moja, na sheria inakataza kuwanyima mkopo juu ya kabila. Kule ni majirani, wanaombana chumvi. Hapa kwetu tunauliza nani alifika wa kwanza.

Turudi nyumbani basi.

Kijana wa Baraka anayetaka chumba anaombwa garanti. Miezi sita, wakati mwingine zaidi, na kwa dola, hata kama mshahara wake unatoka kwa franka. Sheria ya mwezi wa kumi na mbili 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Mitatu! Mmoja wetu alimwonyesha mwenye nyumba ile sheria katika telefone. Yule mzee akacheka, akamwambia: "Nenda ukalale ndani ya sheria." Alilala kwa rafiki.

Ukisema basi nijenge, unakutana na ukuta mwingine. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni wa leta. Raia anapata haki ya kuutumia, na haki ile inaonekana kwa karatasi moja tu, cheti cha kuandikishwa. Kikipita miaka miwili, ni vigumu sana mtu kukipinga. Bila kile cheti, banki haiwezi kushika nyumba yako kama dhamana. Na juu ya ardhi za vijiji, ile sheria ilisema zitapangwa na amri ya Rais. Wazazi wetu wamezeeka wakiingoja. Wana nini mkononi? Barua ya shefu, saini za mashahidi, pengine ng'ombe aliyetolewa mbele ya watu. Kwetu ile ni haki kabisa, lakini kwa banki ni hadithi.

Kwa hiyo tunaenda kwa banki Lambert. Ukikopa dola 100 kwa riba ya 20 kila mwezi, na unalipa riba peke yake, mwaka ukiisha umetoa 240, na bado unadaiwa 100. (Ile nayo ni riba isiyobadilika, tukubali.) Na dhamana ni barua ileile ya parseli ya baba. Tunajua familia zilizopoteza kiwanja hivi. AVEC na likirimba vinasaidia kununua mabati, kulipa shule. Nyumba nzima ni mzigo mwingine.

Mtu asituambie haiwezekani katika udongo huu. Kuanzia 1952, wakati wa ukoloni, ofisi ya OCA ilijenga Bagira kule Bukavu, na ng'ambo ya ziwa ikajenga Ngagara, ambayo watu wa Bujumbura wanaiitaka OCAF mpaka leo. Hatusifu mkoloni, alijenga mbali na kartie zake mwenyewe. Tunasema tu kwamba mfanyakazi aliweza kulipia nyumba kidogo kidogo kwa miaka. Kisha feza yetu ikafa. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Nani atakopesha kwa miaka 30 baada ya hapo? Na nani atakopesha leo, banki za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwanzo wa 2025, nyumba za milimani zikichomwa, na ziwa Tanganyika likiingia katika nyumba za mwambao kama 2024?

Mwaka 2020 nchi nzima ilibishana juu ya komine ya Minembwe, mpaka Rais akaifuta mwezi wa kumi. Katika kelele zile hatukusikia mtu akiuliza ni nyumba ngapi ziko na cheti, za nani yeyote: Mbembe, Munyamulenge, Mfuliru, Munyindu. Wakubwa wanapigania jina la eneo. Raia akikimbia, anaacha ukuta ambao hakuna karatasi inayosema ni wake, na akirudi anakuta mwingine ndani.

Tunaomba leta: wapimaji wa ardhi wafike Fizi, Baraka na Minembwe usalama ukiruhusu, bei ya cheti ibandikwe mlangoni, na aliyekimbia asihesabiwe kuwa ameacha parseli. Miezi mitatu ya garanti iheshimiwe, kuanzia kwa wenye nyumba walio watumishi wa leta wenyewe.

Na ninyi, wiki hii: muulizeni baba au mama karatasi za parseli ziko wapi. Zipigeni picha, kila ukurasa, na saini zionekane vizuri. Mtumieni yule ndugu wa ile picha, azihifadhi kule. Mara hii msimwombe feza.