Acheni Kuita Muujiza

Timu ndogo ikipiga kubwa, sisi hukimbilia neno moja: muujiza. Daudi na Goliathi wanafufuliwa, mzungumzaji wa motisha anapata klipu ya wiki, na sisi tunaambiwa, "Umeona? Hata wewe unaweza." Jameni, neno hilo limenichosha. Linamsifu mshindi huku likificha kilichomfikisha pale.

Chukua kisa kimoja kinachopendwa sana Marekani. Mwaka 2010, timu ya wanaume ya hoki ya barafu ya Rochester Institute of Technology, RIT, iliingia mashindano ya kitaifa ya vyuo ya NCAA. Hiki ni chuo cha jimbo la New York kinachojulikana kwa wahandisi kuliko wanamichezo. Timu ilikuwa imepanda daraja la kwanza mwaka 2005 tu. Michezo mingine ya chuo ilibaki daraja la tatu, kwa hivyo hakuna mchezaji aliyelipiwa masomo kwa sababu anajua kucheza. Uwanja wao, Ritter, ulitosha watu kama 2,000. Wapinzani walikuwa vyuo vinavyowalipia wachezaji karo na kuwatuma NHL.

Kule Albany wakaitoa Denver 2-1. Kesho yake wakaicharaza New Hampshire 6-2. Wakafika nusu fainali, Detroit, na hapo Wisconsin ikawanyuka 8-1 bila huruma.

Muujiza gani sasa? Timu hiyo ilimaliza msimu na ushindi wa mechi 28. Mwaka 2015 RIT ilirudi na kuitoa Minnesota State 2-1, timu iliyopangwa nambari moja nchi nzima. Watu walikuwa wakifanya kazi msimu baada ya msimu, ila kamera zilikuwa zimeangalia kwingine.

Lakini bidii peke yake haitoshi, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mashindano yale huchukua timu 16. Kanuni inasema bingwa wa kila ligi inayotambuliwa anaingia moja kwa moja, hata ligi yake idharauliwe vipi. Nafasi zinazobaki hugawanywa kwa hesabu za matokeo, na wanaofaidi zaidi ni wa ligi kubwa. RIT ilishinda ligi yake ndogo, Atlantic Hockey, ikaingia. Haikuombewa na mtu wala kuonewa huruma. Ifute kanuni hiyo, na kocha Wayne Wilson na vijana wale wale wanabaki wakiomba hesabu iwakumbuke.

Wapo watakaosema ile 8-1 ilionyesha hawakustahili. Sawa. Siku mbili baadaye, Wisconsin yenyewe ilipigwa 5-0 na Boston College kwenye fainali. Mbona hakuna aliyesema Wisconsin haikustahili kuwepo? Mkubwa akichapwa ni siku mbaya. Mdogo akichapwa eti amejulishwa mahali pake.

Na sisi Wakenya tusijitoe. Mwaka 2018, Ice Lions, timu yetu ya hoki iliyokuwa ikifanya mazoezi kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha Panari, Mombasa Road, walipelekwa Kanada na Tim Hortons. Video ilisambaa, tukatokwa na machozi. Lakini walipelekwa kwa nini? Kwa sababu hapa nyumbani hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Machozi yetu hayakuwaletea mpinzani hata mmoja. Kipaji kilikuwepo tayari. Ligi ndiyo haikuwepo.

Hili si la michezo tu. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda. Tangu hapo nimetajiwa Bill Gates na Mark Zuckerberg mpaka masikio yakachoka, kana kwamba nao walizuiwa mlango wa mtihani kwa sababu ya deni. Kati ya wote walionitajia majina hayo, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ilibaki pesa ngapi.

Ndiyo raha ya neno muujiza: halimgharimu anayelisema. Ukisema mtu ameshinda kwa muujiza, huhitaji kujenga uwanja, kuanzisha ligi wala kupunguza karo. Unangoja mwingine atokee, umpigie makofi.

RIT walifanya tofauti. Mwaka 2014 walifungua uwanja mpya, Gene Polisseni Center, wa watu zaidi ya 4,000. Hawakusimama wakingoja bahati irudi.

Kwa hivyo ukisikia tena hadithi ya mnyonge aliyeshinda, furahi, piga kelele, washa vuvuzela ukitaka. Kisha uulize: aliingilia mlango gani, nani aliuacha wazi, na wangapi kama yeye bado wako nje?