Kabla Hujaweka Kidole Uwanja wa Ndege



Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja wa diaspora, yuko Minnesota, alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp. Ameshapata ukaazi wa kudumu Marekani, kazi yake inamrusha karibu kila mwezi, na amechoka kupanga foleni ndefu ya ukaguzi, vua mkanda, toa kompyuta kwenye begi, rudisha. Anataka kujiunga na PreCheck. Swali lake lilikuwa fupi tu: "Kaka, hawa jamaa wanataka vidole vyangu. Niwape?"

Nilimwambia anipe muda. Nimelifikiria, na nimeona linatuhusu hata sisi ambao ndege tunaziona zikipita juu ya bati za Kipawa.

PreCheck ni mpango wa TSA, mamlaka ya serikali ya Marekani inayokagua abiria. Uko kwa raia wao na wakaazi wa kudumu. Unajaza fomu mtandaoni, unaenda kituoni na hati zako, unachukuliwa alama za vidole na picha, unalipa dola zisizofika 90, na kwa miaka 5 unapita foleni fupi. (Zamani moja ya raha zake ilikuwa kutokuvua viatu. Tangu Julai 2025 hakuna abiria anayelazimishwa kuvua viatu kule, kwa hiyo watu walilipia kitu ambacho sasa kila mtu anapewa bure.)

Sasa, vidole vinaenda wapi? Vinapelekwa FBI kulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu. Hilo wengi wanalitegemea. Wasilosoma ni ile taarifa ndogo ya faragha inayosema FBI wanaweza kubaki na alama zako hata maombi yako yakishamalizika, na kuendelea kuzilinganisha na alama nyingine zinazoingia kwenye mfumo wao. Yaani umelipa ukapite haraka, na kidole chako kimeingia kwenye foleni nyingine isiyo na mwisho.

Kuna wenzetu watasema, "Mimi sijaiba, nina nini cha kuficha?" Hoja hii naisikia hata kwenye magrupu yetu, na inanishangaza kuisikia kwa mtu wa upinzani. Tatizo siyo uhalifu wako. Nywila ikivuja unaibadilisha usiku huo huo kabla hujalala. Kidole kikivuja unabadilisha nini? Mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani ilikiri kuwa wadukuzi waliiba alama za vidole za watu milioni 5.6. Wale watu mpaka leo wana vidole vile vile.

Na hiyo ni serikali yenye hela. Mwaka 2019 ilibainika kuwa mkandarasi wa mamlaka ya mipaka ya Marekani alikuwa amenakili picha za wasafiri na kuziweka kwenye mtandao wake mwenyewe bila ruhusa, wadukuzi wakaingia wakazikomba. Mkaguzi alikuja kuhesabu picha kama 184,000. Abiria hakuwahi kukutana na huyo mkandarasi. Aliiangalia kamera ya serikali, basi.

Kuna na kampuni binafsi zinazouza foleni ya haraka. Ya mwanzo kuvuma iliitwa Clear, chini ya kampuni ya Verified Identity Pass. Julai 2008 kompyuta yao yenye taarifa za waombaji kama 33,000 ilipotea uwanja wa ndege wa San Francisco. Ilikuja kuonekana, na vidole havikuwemo humo, ila majina na namba za hati zilikuwemo bila kufichwa kwa msimbo. Juni 2009 kampuni ikafunga milango. Wateja wakabaki wanaulizana: mboni zetu na vidole vyetu ni mali ya nani sasa, ya wadai? Mwaka 2010 wamiliki wapya wakainunua na jina likarudi sokoni. Serikali mbaya unaweza kuiondoa kwa kura, angalau kwenye karatasi. Kampuni ikifilisika, taarifa zako zinageuka samani ya ofisi.

Turudi nyumbani. Vidole vyetu vilishachukuliwa siku nyingi. Mnaikumbuka Januari 2020, ile tarehe 20, foleni za kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, watu wanalala nje kwa kuogopa kuzimiwa simu? Hakuna aliyeuliza taarifa zitakaa miaka mingapi. Kipindi kile hata sheria ya kuuliza kwa jina lake hatukuwa nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Nitaisifia pale inapostahili: inaziweka taarifa za kibayometria kwenye kundi la taarifa nyeti, na inakupa haki ya kujua nani ana taarifa zako. Lakini ina mlango wa nyuma unaoitwa usalama wa taifa, na Mwenyekiti wa bodi ya Tume inayotakiwa kuisimamia anateuliwa na Rais. Hapo mwanachama wa chama cha upinzani anajua mwenyewe mlango huo unafunguka kuelekea wapi.

Uwanja wa ndege siyo mahali pasipo na siasa. Mei 2025 Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, alizuiwa kuingia nchini akitokea Nairobi kuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Siku ya pili yake Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, naye akazuiwa pale pale JNIA. Haikuhitajika kamera ya kutambua sura kuwarudisha watu wanaojulikana Afrika nzima. Sasa fikiria kijana wa kawaida wa chama, jina lake halijawahi kutoka gazetini, ila sura yake ilipigwa picha kwenye mkutano wa hadhara. Kamera ya sura kwake ndiyo inayofanya kazi ambayo orodha ya majina haikuweza.

Sisemi mpango kama wa PreCheck tayari uko kwetu. Nasema ukija, na hizi biashara huja, utakuja umevaa nguo za "kurahisisha safari". Hapo ndipo tuulize mapema: picha inafutwa baada ya saa ngapi? Polisi wakiitaka, wanahitaji amri ya mahakama? Na anayekataa, atapita mlango wa kawaida bila kuadhibiwa? Wakenya wametuonyesha kuwa inawezekana. Worldcoin walipopiga picha mboni za watu wao kwa malipo ya sarafu za mtandaoni, serikali ilisimamisha zoezi Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zifutwe. Ilifika hapo kwa sababu kuna watu walikwenda mahakamani.

Kwa mwenzetu wa Minnesota, nilimpigia juzi. Nilimwambia serikali ya Marekani ilishachukua vidole vyake alipoomba ukaazi, kwa hiyo PreCheck haiwapi kitu kikubwa wasichokuwa nacho. Akitaka ajiunge, ila asome ile taarifa ya faragha kwanza na aingie kwenye tovuti rasmi ya TSA yenyewe, maana matapeli wametengeneza za kufanana nayo. Kampuni binafsi asiiguse. Simu aizime kufunguka kwa kidole kabla hajafika uwanjani, aweke namba ya siri. Kidole mtu anaweza kukushika akakibonyeza, namba iko kichwani kwako. Na ile kamera ya TSA pale kwenye ukaguzi, abiria ana haki ya kuikataa na kuonyesha kitambulisho tu. (Afisa wa uhamiaji unapoingia nchini ni habari nyingine. Asiye raia hana la kuchagua, na picha yake inaweza kutunzwa mpaka miaka 75.)

Jana usiku amenitumia sauti nyingine, yuko Chicago anasubiri ndege. Anasema amefika mbele ya kamera, akamwambia afisa hataki kupigwa picha. Afisa akachukua kitambulisho, akakitazama, akamtazama, akamrudishia. Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja na mabinti wawili. Mama akauliza, "Kumbe inaruhusiwa?" Na wao wakakataa.