Ukishindwa Kazini, Nyumbani Unaingiaje?

Leo naomba univumilie kidogo, maana nataka tuanzie uwanjani, tena si kwenye soka bali kwenye kriketi. Usifunue ukurasa! Najua wengi wetu mchezo huu tunauona kwa mbali tu tukipita karibu na Gymkhana: watu wamevaa nyeupe, wamesimama juani tangu asubuhi, hujui nani anaongoza wala kwa nini wanapiga makofi. Kwa leo jua hivi tu: timu moja inapiga mpira na kukusanya mikimbio, kisha ya pili inajaribu kuipita hesabu hiyo.

Sasa twende Lord's, London, tarehe 14 Julai 2019, fainali ya Kombe la Dunia. New Zealand wamemaliza na mikimbio 241. Wenyeji England wamebakiwa na mipira sita na wanadaiwa 15. Kwenye mpira wa nne, Ben Stokes anakimbia kuwahi mstari. Martin Guptill wa New Zealand anarusha mpira kutoka pembeni, unamgonga Stokes kwenye ubao wake wa kupigia, unatokomea mpaka nje ya mpaka. Stokes hakukusudia, na palepale aliinua mikono kuomba radhi. Waamuzi wakawapa England sita. Baadaye mwamuzi Kumar Dharmasena mwenyewe alikiri kwamba alikosea, ilipaswa kuwa tano.

Mechi ikaisha 241 kwa 241. Wakaongezwa mipira sita sita, ikawa 15 kwa 15. Kombe likaenda England kwa sababu walikuwa wamepiga mipira mingi zaidi iliyofika mpakani, 26 dhidi ya 17. Sheria hiyo ilibadilishwa Oktoba mwaka huohuo, lakini kombe lilikuwa limeshaondoka.

Hebu jifanye wewe ndiye Kane Williamson, nahodha wa New Zealand. Hujazidiwa hata mkimbio mmoja, na bado unaondoka mikono mitupu. Ungesema nini mbele ya kamera? Mimi najijua, ningetaja watu kwa majina! Yeye aliwapa mkono washindi, akapokea tuzo ya mchezaji bora wa mashindano huku uso ukisema kila kitu, kisha akakaa mbele ya waandishi na kujibu maswali yao. Hakumlaumu mwamuzi, wala Stokes, wala Guptill wake.

Naomba tuelewane hapa. Utulivu siyo kutoumia. Yule jamaa aliumia, ulikuwa unaona kabisa. Ila maumivu yake hakumtwisha mtu mwingine.

Sasa niseme la kwangu, maana sisi wa kushauri wengine tumezidi. Miaka kadhaa iliyopita nilihangaikia zabuni moja kwa miezi saba. Nilikuwa na uhakika nayo hadi nikaanza kupanga tutakwenda wapi Desemba. Siku ya majibu tukanyimwa, tena kwa namna ambayo mpaka leo naiona ya hovyo. Nikafika nyumbani saa mbili usiku. Mke wangu akanisalimia, sikuitikia. Mchuzi nikaona hauna chumvi. Mtoto alikuwa anaimba, nikamfukuza akalale. Kisha nikaanza kulalamika, bosi hivi, kamati vile, nikalalamika mpaka saa sita. Tukalala mzungu wa nne.

Wiki tatu baadaye nikitafuta bili ya umeme kwenye droo, nikakuta barua ya ofisini kwa mke wangu. Mkataba wake usingeongezwa. Tarehe ya barua? Siku ileile.

Nikamuuliza, "Mama Junior, mbona hukuniambia?"

Akaniangalia. "Ningekuambia saa ngapi, baba? Usiku ule ulikuwa wako wote."

Jamani, sikuwa na jibu. Kwa wiki tatu mwenzangu alikuwa anaamka, anavaa, anakwenda kumalizia siku zake za kazi huku amebeba jambo zito peke yake, kwa sababu mimi nilifika nyumbani na kelele zangu nikachukua nafasi yote.

Ndiyo maana nikiangalia picha za fainali ile namtazama Guptill. Yeye ndiye aliyerusha ule mpira. Yeye ndiye pia aliyetolewa kwenye mpira wa mwisho kabisa, akikimbia kutafuta mkimbio ambao ungewapa ubingwa. Alipiga magoti akashindwa kuinuka. Mwenzake Jimmy Neesham akamwendea, na hata Chris Woakes wa England akamwendea. Fikiria kama saa ile nahodha angekuwa anapayuka. Nani angekuwa na muda wa Guptill?

Wapo wanaopayuka. Mwezi Agosti 2005, Ricky Ponting, nahodha wa Australia, alitolewa na mchezaji wa akiba wa England pale Trent Bridge, akaondoka akiporomosha maneno kuelekea roshani ya wapinzani. Akatozwa faini ya asilimia 75 ya malipo yake ya mechi. Huenda hoja yake kuhusu wachezaji wa akiba ilikuwa na mantiki, lakini nani anaikumbuka hoja? Watu wanakumbuka matusi. Hata nyumbani iko hivyo. Unaweza kuwa na haki kabisa kuhusu mashemeji zako, ukaipoteza yote kwa sentensi moja.

Na mshindi je? Wiki chache kabla ya hapo, uwanja wa Edgbaston, England waliwashinda Australia haohao kwa mikimbio miwili tu. Wenzake wakiruka, Andrew Flintoff alimfuata Brett Lee, aliyepambana mpaka mwisho bila kutolewa, akachuchumaa mbele yake na kumpa mkono. Wewe ukishinda ubishi na mwenzio huwa unachuchumaa, au unasema "si nilikwambia"? Mimi naona hili ni gumu kuliko lile la kwanza.

Usidhani haya ni ya Wazungu tu. Majirani zetu Kenya, wakiongozwa na Steve Tikolo, walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, wakafungwa na India kule Durban ingawa nahodha mwenyewe alipiga 56. Baada ya hapo mambo yalishuka. Mwaka 2011, akiwa na miaka 39, Tikolo alirudi Kombe la Dunia kama mchezaji wa kawaida chini ya nahodha aliye mdogo kwake kwa umri, Jimmy Kamande, na Kenya wakafungwa mechi zote sita. Uliwahi kuwa bosi halafu ukapangiwa kazi na kijana? Basi unajua.

Najua kuna atakayeniambia mtu mpole anakanyagwa. Kaka, Juni 2021 New Zealand waliwafunga India kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi ndefu za kriketi, na Williamson alikuwepo uwanjani mpaka mwisho na mikimbio yake 52.

Kwetu tulianzisha utaratibu. Ukirudi na siku mbaya, unasema mlangoni, "Leo nimepigwa." Mwenzio anauliza, "Ngapi?" Unataja namba yoyote, tano bila, kumi bila, halafu unaoga, mnakula. Maelezo baadaye, na kila mtu anapata zamu yake.

Juzi alirudi yeye. Hata viatu hajavua, akasimama pale mlangoni, mkoba begani. "Leo nimepigwa."

Nikazima TV. "Ngapi?"