Mzazi, mwachie mtoto mradi wake

Mtoto wa Gredi ya 7 akiambiwa alete jiko la kikapu shuleni, katika nyumba nyingi kazi huanza usiku wa mwisho. Mama anatafuta kikapu, baba anatumwa dukani kununua gundi, dada mkubwa anashona, na mwenye mradi amelala. Asubuhi anabeba kazi nadhifu na kupewa alama nzuri, ilhali hajui hata kwa nini ndani mna vitambaa.

Tangu Kenya ianzishe Sekondari Msingi mwaka wa 2023, wazazi wamelalamika sana kuhusu gharama za miradi. Wana haki. Mwalimu anayedai vifaa vya dukani mahali penye majani makavu ya migomba anawaonea bure.

Lakini kikapu chenyewe sicho somo. Somo ni safari ya kukifikia. Mtoto aanze kwa kuuliza wapishi wa nyumbani: makaa huishia kwenye chakula gani? Sufuria inayotumika zaidi ina upana gani? Akishajua hayo, achore, na mchoro uwe na vipimo. Hapo ndipo atakapotambua kwamba jiko hili halitoi joto lolote. Kazi yake ni kulizuia lile lililo kwenye sufuria lisitoroke.

Uhondo uko kwenye majaribio. Achukue sufuria mbili zinazolingana, zenye vifuniko, na kila moja itiwe maji yanayochemka kwa kiasi kilekile, mtu mzima akiwa karibu. Moja iingie kikapuni, nyingine ibaki mezani. Baada ya saa mbili apime zote kwa kipimajoto. Kama hakipo, achemshe mchele dakika chache, aufungie kikapuni, kisha aufunue baada ya saa moja. Mchele ukiwa bado mgumu, ameshapata jibu.

Huenda jaribio la kwanza lisifaulu, na mzazi asikimbilie kuokoa jahazi. Pengine juu ya kifuniko hapakuwekwa mto, joto likapitia hapo. Pengine vitambaa vilishindiliwa mno hadi hewa ikakosa nafasi, na hewa iliyotulia katikati ya nyuzi ndiyo inayozuia joto. Mtoto akisie sababu, arekebishe kitu kimoja tu, apime tena. Akibadilisha vitatu kwa mpigo, hatajua kilichosaidia ni kipi.

Kazi kama hii haimaliziki wikendi moja. Wiki tatu zinatosha: ya maswali na mchoro, ya kuunda, na ya kujaribu na kurekebisha. Mzazi ashike kisu kikali na sufuria ya moto, mengine amwachie mwanawe, hata mshono ukipinda.

Mwalimu naye asisahihishe kikapu peke yake. Adai mchoro wa kwanza, vipimo vya kila jaribio na maelezo ya kilichobadilishwa, na alama nyingi azitoe hapo.