Kaunti ya Isiolo Isikwepe Jukumu la Usafiri

Katiba ya 2010 haikuacha shaka. Jedwali la Nne linazipa kaunti mamlaka juu ya barabara zake, maegesho ya magari na usafiri wa umma barabarani. Ugatuzi ulianza 2013, lakini abiria wa Isiolo bado hajaonja matunda ya mamlaka hayo. Hukumu yetu ni kwamba kaunti imezembea, na haina kisingizio.

Hatupuuzi yaliyotendeka. Aliyesafiri kwenda Marsabit au Moyale kabla ya lami anakumbuka safari ilivyokuwa: juu ya lori, mikono imeshikilia vyuma, katikati ya magunia au mifugo, magari yakingojana ili yaende kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Leo barabara ya takriban kilomita 500 hadi Moyale ina lami, na basi huimaliza ndani ya siku moja. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Hata hivyo, lami hiyo imewafaa zaidi wapita njia. Mkazi wa Merti au Oldonyiro anayetaka kufika hospitali ya rufaa, benki au ofisi za kaunti yake mwenyewe bado hajui gari litaondoka saa ngapi, wala kama litaondoka. Mvua ikinyesha, barabara ya vumbi hugeuka tope na safari huahirishwa. Mjamzito hawezi kuahirisha uchungu.

Watazameni pia akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa hutoka maeneo kama Kulamawe katika mitungi ya plastiki, hukusanywa mjini Isiolo, kisha hupakiwa kwenye mabasi kwenda Eastleigh, Nairobi. Gari likichelewa juani kwa sababu linasubiri kujaa, maziwa huchacha na hasara yote humwangukia mama huyo. Dereva hapotezi kitu, sacco haipotezi kitu, na kaunti haina hata mahali pa kupokea malalamiko yake.

Stejini hali ni ile ile. Abiria huitwa kwa sauti kwamba gari limebakisha mmoja. Akishalipa na kuketi, waliojifanya abiria huteremka mmoja baada ya mwingine na kwenda kuketi katika gari linalofuata. Shule zikifunguliwa, au Idi na Krismasi zikikaribia, nauli hupanda bila taarifa, na mzazi mwenye watoto watatu na masanduku yao hana pa kukimbilia. Huo ni ulaghai, na ni makosa makubwa kuuita desturi ya biashara.

Tunajua amri peke yake haitoshi. Kanuni za matatu za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Usimamizi ulipolegea, uzembe ulirudi, hadi serikali ikalazimika kuanza msako upya Novemba 2018. Mpango wa kulipa nauli bila pesa taslimu, uliotakiwa kuanza Julai 2014, ulikufa. Na Desemba 3, 2018, Kaunti ya Nairobi ilipozuia matatu kuingia katikati ya jiji bila kuwaandalia abiria njia nyingine, wagonjwa na wafanyakazi walitembea kwa miguu mwendo mrefu, na amri ikasitishwa upesi. Abiria asiposikilizwa mapema, mageuzi hayadumu.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, nauli za kila njia zibandikwe stejini kwa maandishi makubwa, na sacco itakayozipandisha bila notisi inyimwe kibali cha kutumia steji hiyo. Pili, Merti, Garbatulla na Oldonyiro ziwe na gari lenye saa maalumu, linaloondoka saa ikifika hata kama viti havijajaa. Pengo la nauli lilipwe na kaunti kwa kandarasi iliyotangazwa wazi, na mwenye gari asiyetimiza ratiba asilipwe. Tatu, abiria wawe na nafasi yao katika kila kikao cha kupanga usafiri, wakiwemo wauza maziwa na watu wenye ulemavu, badala ya vikao hivyo kuachiwa wenye magari na maafisa.

Tutaambiwa hakuna fedha. Kubandika nauli hakuhitaji mkopo, na kumfukuza mlaghai stejini kunahitaji askari wa kaunti aliyepewa maagizo na kusimamiwa. Ama gari la Merti, hilo lina gharama, na gharama hiyo ni haki ya mkazi wa Merti kama ilivyo mishahara ya maafisa wanaokaa mjini.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Fungu la usafiri wa umma lionekane humo, likiwa na majina ya njia na saa za magari. Lisipokuwemo, wawakilishi wadi wayarudishe makadirio hayo. Na mwakilishi atakayeyapitisha bila fungu hilo asiende Merti kuomba kura.