Pumzi ya Mwanafunzi Haingoji Gari la Hospitali

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi watu wa Pwani tumekwisha kunyolewa, tena kwa wembe butu. Unga ulipoanza kuenea Mombasa, Malindi na Lamu miongo kadhaa iliyopita, wengi wetu tulisema hayo ni mambo ya watalii na mabaharia. Tulipozinduka, mateja walikuwa watoto wetu wenyewe. Kituo cha kuwatibu kwa methadoni kilifunguliwa Malindi mwaka 2015, wakati makaburi yalikuwa yamekwisha kupokea vijana wengi.

Ndiyo maana leo nawaomba wasomaji wa bahari tuutazame mji wa ziwa. Mji wenyewe ni Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, pale nchi kavu inapokutana na kisiwa cha Rusinga. Mtu wa Lamu akifika huko hatajiona mgeni sana: feri inaingia kutoka Luanda Kotieno, mashua zinatia nanga, samaki wanapigiwa bei. Mbita haina sifa mbaya ya unga kama tuliyo nayo sisi, na twaomba isiipate kamwe. Lakini dawa za jamii ya afyuni hazina sura moja. Unga ni mojawapo; tramadoli, kidonge cha kutuliza maumivu, ni nyingine; na kodini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, ni ya tatu. Kidonge hakihitaji jahazi la kukivusha bahari. Hupanda matatu kama abiria yeyote.

Basi swali langu ni hili. Mwanafunzi akianguka darasani saa nne asubuhi, haitiki akiitwa, anakoroma kama anayekabwa, na midomo imebadilika rangi, mwalimu wa zamu atafanya nini?

Aghalabu atatuma mtoto akamwite mwalimu mkuu, mwalimu mkuu atatafuta gari, na wengine watammwagia mgonjwa maji au kumnywesha maziwa. Yote hayo hayamsaidii, na maziwa yaweza kumpalia. Dawa za jamii ya afyuni huua kwa njia moja kuu: huilewesha sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Pumzi hupungua, kisha husimama, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika kwa dakika chache tu. Gari laweza kufika mapema na likamkuta maiti.

Lakini dakika hizo hizo chache si ngeni kwa watu wa Mbita. Mtoto aliyezama ziwani naye hufa kwa kukosa hewa. Wavuvi wa huko, kama wavuvi wetu wa Pwani, wanajua uchungu wa kumtoa mtu majini akiwa bado ana joto na wasijue la kufanya. Mafunzo ya kumlaza mtu chali, kuinua kidevu chake, kumbana pua na kumtia pumzi mdomoni hadi kifua kiinuke, pamoja na kumkandamiza kifua moyo ukisimama, yanamfaa aliyezama na yanamfaa aliyezidiwa na vidonge. Kwa hiyo shule ya Mbita ikiwafunza walimu wake kazi hii, haitakuwa imejiandaa kwa balaa la kufikirika. Itakuwa imejiandaa kwa ziwa lililo mlangoni mwake, na kwa unga utakaobisha hodi kesho.

Baada ya pumzi ndiyo huja dawa. Ipo dawa iitwayo naloksoni, iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1971, ambayo huiondoa afyuni pale ilipojishikiza katika ubongo na kumrudishia mtu pumzi zake. Huweza kudungwa kwa sindano au kupulizwa puani. Akipewa ambaye hakutumia afyuni, haimdhuru. Ila nguvu yake yaweza kwisha kabla ya nguvu ya sumu, kwa hiyo mgonjwa hana budi kufikishwa hospitali hata akiamka. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hii iwafikie pia watu wa kawaida wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa. Huko Los Angeles, mwaka 2022, msichana wa miaka 15 alifariki chooni shuleni kwake kwa sababu ya kidonge chenye sumu, na ndipo wakuu wa elimu wa mji huo walipoamua kuipeleka dawa hiyo shuleni.

Sisi tusingoje jeneza letu. Kenya tunayo desturi mbaya ya kuandika kanuni baada ya mazishi. Wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, mwaka 2001. Kitabu cha kanuni za usalama shuleni kikatoka mwaka 2008. Na mwaka 2024 tukazika watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Kanuni iliyofungiwa kabatini haimwokoi mtu, sawasawa na sanduku la huduma ya kwanza ambalo ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu aliyesafiri.

Wako watakaosema kuwa kuweka dawa hiyo shuleni ni kuwaambia watoto watumie unga. La hasha! Nahodha anayebeba maboya hajaombea chombo chake kizame.

Kuna adui mwingine, naye ni aibu. Sisi Pwani tunamfahamu sana. Mtoto akizidiwa, wenzake hukimbia kwa hofu ya polisi, na wazee humfungia chumbani ili majirani wasijue. Tunaita hiyo sitara. Sitara gani inayomwacha mtoto afe? Dini yetu imetufunza uzito wa kuokoa nafsi moja. Basi kwanza aokolewe, kisha asitiriwe. Shule nazo zitangaze waziwazi kwamba mwanafunzi anayekimbilia kumwita mwalimu hatapigwa wala kufukuzwa kwa kuita msaada.

Ninalolitaka si jambo kubwa. Kila shule ya umma, ya Mbita na ya kwetu, iwe na walimu wawili au watatu waliofunzwa kutia pumzi, na mafunzo hayo yarudiwe kila mwaka. Sanduku la dawa likae mahali ambapo mwalimu wa zamu hulifikia bila kuomba ruhusa. Serikali za kaunti ziamue ni shule zipi zipewe naloksoni, zikianza na zile zilizo karibu na magenge ya wauzaji. Na maustadhi wa madrasa wasiachwe nyuma, maana mtoto ni yule yule, asubuhi yuko shuleni na jioni yuko chuoni.

Gari la hospitali litakuja likijaliwa. Kabla halijafika, mtoto yumo mikononi mwa mwalimu wake, na mwalimu huyo anastahili kujua la kufanya.