CHAMA CHETU NA NJIA YA KUSIKIWA NA SERIKALI



Hapa Ipole, penye njia panda ya Mpanda na Mbeya, twaziona namna mbili za vyama. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori imefanywa na vijiji kwa ajili ya pori na wanyama: mkulima aweza kuwamo, hata mrina asali. Chetu ni cha watu wa kazi moja. Asiyeandikwa katika daftari la Serikali hana haja nacho.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika huko Tanga. Walikuwa makarani kama sisi, na silaha yao ilikuwa barua ya adabu. Serikali ilimjua Kayamba, hata mwaka 1931 akawa mmoja wa wajumbe waliokwenda London kutoa ushahidi juu ya kuunganishwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ilifungua mlango kwa Waafrika wote, na katika shina hilo ikatoka TANU mwaka 1954. Makarani walikuwa wamekwisha kukatazwa siasa mwaka 1953. Aliyezoea kuitwa ndani hukatazwa upesi kusema nje.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu ya kiinua mgongo. Mtumishi wa Serikali alipokea kwa mkupuo nusu ya mafao yake. Kanuni za mwaka 2018 zikataka apewe 25 kwa 100. Manung'uniko yakaenea nchi nzima, maofisini na majumbani, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli, akiwa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliagiza kanuni ya zamani irudi. Mwaka 2022 ikawekwa 33, na mwaka 2024 ikapandishwa hata 40.

Wengine husema ni barua zilizofanya kazi. Sisi hatukubali. Barua zilikuwapo tangu mwanzo, tena zimepigwa chapa vizuri. Kilichoongezeka ni sauti ya watu wengi. Hata hivyo, pasipo mtu wa kuketi mezani na hesabu mkononi, sauti ile isingepata pa kutua.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu kila wanaporudi mkutanoni watusomee waliyoyakubali, kabla hayajawa sheria. Nasi wa Ipole tutaleta hesabu ya kila mwanachama anayekaribia kustaafu, ili waende nayo.